Kutoka maabara ya Dar hadi kongamano la jenetiki la nje: mwongozo kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti unaotumwa kwa waandaaji, ikikubaliwa mwezi Machi na kongamano likawa mwishoni mwa Mei, umebakiwa na wiki kama kumi. Ndani ya wiki hizo unatakiwa upate pasipoti, viza, fedha, ruhusa ya chuo na bango la kuonyesha utafiti wako. Hazitoshi, kwa sababu karibu kila kimoja kinasubiri sahihi ya mtu ambaye hana haraka yako. Ndiyo maana hatua hizi zimepangwa kwa urefu wa foleni: kinachochelewa zaidi kinaanza, hata kama ikisiri yenyewe bado iko kichwani.

1. Jina na pasipoti: anza leo

Toa cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho cha NIDA na kitambulisho cha chuo, vipange mezani, kisha soma jina herufi kwa herufi. Mwanaidi Hamisi Juma kwenye cheti kimoja anaweza kuwa Mwanahidi H. Juma kwenye kingine. Hapa nyumbani herufi moja haimkoseshi mtu usingizi, lakini kwenye dirisha la viza hao ni watu wawili. Rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, kwa kiapo au kwa kusahihisha taarifa NIDA. Jina litakalochapwa kwenye pasipoti ndilo utakaloandika kila mahali kuanzia hapo: kwenye fomu ya usajili, kwenye barua ya mwaliko, kwenye tiketi na kwenye akaunti ya benki itakayopokea ruzuku.

Maombi ya pasipoti yanajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unahitaji namba ya NIDA, unapewa kontroli namba ya malipo, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisini. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000 kwa jumla, nayo inadumu miaka 10. Kinachokwamisha wanafunzi wengi si ada, ni cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Kama mzazi hana cheti, kitatakiwa kiapo. Kama yuko Kigoma au Songea, mpigie simu wiki hii, usingoje mpaka karatasi zipande basi wakati siku zimekwisha. Omba pia barua ya idara inayosema unajiandaa kuwasilisha utafiti nje ya nchi, maana Uhamiaji wanauliza sababu ya safari.

2. Kuchagua kongamano

Makongamano ya jenetiki yana misimu. Lile la Jumuiya ya Ulaya ya Jenetiki ya Binadamu, ESHG, huangukia Mei au Juni. Lile la Wamarekani, ASHG, huwa mwishoni mwa mwaka, Oktoba au Novemba. Afrika ina Jumuiya ya Afrika ya Jenetiki ya Binadamu, iliyoanzishwa mwaka 2003, na mikutano yake huhamahama kutoka nchi hadi nchi. Kongamano la Kimataifa la Jenetiki ya Binadamu la Februari 2023 lilifanyika Cape Town, kwa hiyo usidhani "kimataifa" lazima iwe na theluji.

Kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza, ushauri ni mmoja: kama kuna kongamano zuri Afrika mwaka huo, anzia hapo. Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90, wala haombi kuingia majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama Kenya, Uganda na Rwanda. Hapo umeokoa miezi miwili ya wasiwasi, na muhuri wa kwanza kwenye pasipoti utakusaidia utakapoomba viza ngumu zaidi.

Kabla ya kupenda tarehe, fungua almanaki ya chuo. Kongamano la Juni linaweza kugonga mitihani ya mwisho wa muhula. Kuahirisha mtihani kunaombwa kwa maandishi kabla ya mtihani, si baada ya kurudi na picha nzuri. Tazama pia kama wakati huo utakuwa bado mwanafunzi. Mwaka wa tatu ukiisha Julai na kongamano likiwa Oktoba, ada nafuu ya usajili kwa wanafunzi na barua ya "anarudi kuendelea na masomo" vyote vinaweza kupotea. Waandikie waandaaji mapema uwaulize kama aliyehitimu mwaka huohuo anahesabiwa mwanafunzi.

Na kuna makongamano ya uongo. Ukipokea barua pepe inayokuita "Profesa mheshimiwa" na wewe uko mwaka wa pili, umeshajua. Dalili nyingine ni hizi: mkutano mmoja unaochanganya jenetiki, uuguzi, nishati na utalii, ikisiri inayokubaliwa ndani ya siku mbili bila swali hata moja, kamati ya watu wasiojua kuwa majina yao yametumika, na ada inayodaiwa kabla ikisiri haijasomwa. Wengine huahidi kulipia kila kitu isipokuwa hoteli, na hoteli hiyo ndiyo wanayotaka uilipie kwao kwa njia ya kutuma fedha. Kipimo rahisi ni kumwuliza msimamizi kama amewahi kuusikia mkutano huo, na kutazama kama mikutano ya miaka iliyopita imeacha kitabu cha ikisiri chenye watu unaoweza kuwatafuta.

3. Ruhusa za utafiti

Data si yako peke yako. Msimamizi na kila mtu ambaye jina lake litatokea kwenye ikisiri lazima aisome na kuikubali kabla haijatumwa. Tuma rasimu kwa barua pepe, si WhatsApp, ili jibu la "nimekubali" lipatikane ukilihitaji. Mpangilio wa majina uzungumzwe mwanzo. Ukiachwa hadi usiku wa mwisho unaleta kununiana kunakodumu kuliko kongamano.

Kama utafiti unahusu binadamu, soma cheti cha maadili mpaka mstari wa chini. Vyeti vya kitaifa vinavyotolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, vina sharti la kuomba kibali kabla ya kuchapisha matokeo. Wanafunzi wengi hulisoma sharti hilo kwa mara ya kwanza siku ikisiri inapotumwa. Muulize msimamizi kama kibali cha chuo kinatosha kwa mradi wako au ombi linatakiwa kwenda NIMR, kisha ombi liende wiki kadhaa kabla.

Halafu kuna siri ya washiriki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa za kiafya na za vinasaba. Kuondoa majina hakutoshi. Mchoro wa ukoo wenye watoto wanne wagonjwa, ukiandikwa jina la kata chini yake, unamtambulisha mama huyo kwa jirani yeyote atakayeiona picha mtandaoni. Andika "Dar es Salaam", acha kata. Punguza mchoro ubaki na kinachohitajika kuelewa urithi. Faili lenye namba za sampuli na majina libaki kwenye kompyuta ya maabara. Na usibebe DNA mkobani hata kama ni mirija miwili ya kumwonyesha mtu: kusafirisha sampuli nje kuna kibali chake na mkataba wake kati ya taasisi.

4. Ikisiri

Inaandikwa kwa Kiingereza, kwa kawaida kati ya maneno 250 na 300. Soma kama wanahesabu maneno au herufi pamoja na nafasi, kwa sababu mfumo hukata sentensi ya mwisho bila kuomba radhi.

Sentensi inayoua ikisiri za wanafunzi ni "matokeo yatajadiliwa". Msomaji wa kamati ana mamia ya ikisiri mezani, na asiyeweka namba anakwenda chini ya rundo. Kama matokeo hayajakamilika, toa ya awali na useme ni ya awali.

Chukua mfano wa sikoseli. Tuseme umepima watu 200 wasio na undugu, ukapata jenotipu tatu: AA (wasio na aleli ya sikoseli) 168, AS (wabebaji) 30 na SS (wagonjwa) 2. Kila mtu ana aleli mbili, yaani nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo aleli ni 400. Aleli S ni 30 jumlisha 4, yaani 34, na 34 kwa 400 ni 0.085. Usiishie hapo. Weka masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka ambayo thamani halisi huenda imo ndani yake, ambayo kwa namba hizi ni takriban 0.058 hadi 0.112. Hapo msomaji anaona mara moja kwamba sampuli 200 zinasema kitu, lakini hazisemi kila kitu.

Kisha utaulizwa kuhusu msawazo wa Hardy-Weinberg, yaani kama idadi ya AA, AS na SS inalingana na inayotarajiwa kutokana na wingi wa kila aleli. Kwa namba hizo SS wanaotarajiwa ni 1.4 tu. Jaribio la kai-skwea linayumba pale idadi inayotarajiwa inaposhuka chini ya 5, kwa hiyo tumia jaribio kamili (exact test), ambalo programu nyingi za takwimu za jenetiki zinalo. Mwanafunzi anayelijua hilo anajitofautisha kabla hajafungua mdomo.

Makosa matatu wanaokagua huyaona haraka. La kwanza ni chanzo cha sampuli. Kama watu walitoka kliniki ya sikoseli, hiyo 0.085 si ya Dar es Salaam, ni ya foleni ya kliniki. Na kama ni watu wazima, SS watakuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu baadhi yao hawakufika utu uzima. Sema walitoka wapi na walikuwa na umri gani.

La pili ni maabara. Njia ya zamani ya kutambua aleli S ni PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi, ikifuatiwa na kimeng'enya cha kukata DNA kiitwacho DdeI. Kimeng'enya hicho hukata aleli ya kawaida na hakiwezi kukata S, kwa sababu badiliko lenyewe limefuta sehemu yake ya kukatia. Sasa fikiria kimeng'enya kilichochoka baada ya umeme kukatika na friza kuyeyuka. Kitakata nusunusu, kipande kisichokatwa kitabaki kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa, na mtu wa AA atasomeka AS. Ndiyo maana kila sahani iwe na kontroli, yaani sampuli ya kulinganishia, ya AA inayojulikana, na sehemu ya sampuli, mathalani moja katika kila kumi, irudiwe. Andika hayo kwenye ikisiri kwa maneno sita, yanatosha: "sampuli 20 zilirudiwa, jenotipu zote zilikubaliana", kama kweli zilikubaliana.

La tatu ni uandishi wa majina. Jeni ya binadamu huandikwa kwa herufi kubwa za mlalo, HBB, na protini yake kwa herufi zilizosimama. Badiliko la sikoseli, rs334, vitabu vya zamani huliita Glu6Val, lakini kwa kanuni za sasa ni p.Glu7Val, kwa sababu methionini ya kwanza, asidi amino inayoanzisha protini, inahesabiwa. Zote mbili ni kitu kimoja. Chagua ya sasa, na usichanganye ndani ya ikisiri moja. Anayefanya mihogo au mbu naye azitafute kanuni za kiumbe chake, kwa sababu hazifanani.

Tuma siku tatu kabla ya mwisho. Saa ya mwisho mara nyingi imeandikwa kwa saa za kwao. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo usiku wa manane wa UTC kwetu ni saa tisa alfajiri.

5. Fedha

Ndani ya fomu ya ikisiri mara nyingi kuna kisanduku kidogo cha kuomba ruzuku ya safari. Ukikiruka, baadaye hakifunguki. Wakati mwingine ruzuku ina tarehe yake, mapema kuliko ya ikisiri.

Soma vizuri neno linaloelezea nchi zinazostahili. Benki ya Dunia iliihamisha Tanzania kutoka kundi la kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini mwezi Julai 2020. Ruzuku ya "nchi za kipato cha chini" pekee haikuhusu tena. Ile ya "kipato cha chini na cha kati" inakuhusu. Wapo wanaotumia orodha zao wenyewe, tafuta jina la Tanzania humo kabla ya kupoteza wiki ukiandika.

Bajeti iwe na kila kitu: usajili, tiketi, malazi, viza, bima, chakula, usafiri wa mjini, kuchapa bango. Kisha uliza swali ambalo wanafunzi wanaona haya kuliuliza: mnalipa kabla au mnarudisha baadaye? Ruzuku ya kurudishiwa inamtaka mwanafunzi akope nauli ya ndege nzima na kungoja miezi. Waandaaji wengi, wakiambiwa wazi kwamba huwezi kutanguliza, hununua tiketi wenyewe. Wasipoambiwa hawajui.

Kulipa usajili kunahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki ikikataliwa, mara nyingi haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Tawi au programu ya benki hufungua. Kampuni za simu nazo hutoa kadi za mtandaoni zinazojazwa kutoka kwenye pochi ya simu. Ziangalie kikomo cha siku kabla, na ujaze ziada kidogo, kwa sababu dola inaweza kupanda kati ya asubuhi na jioni.

6. Viza

Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ombi linapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika 45. Hesabu 45, pamoja na wiki za kungojea miadi. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko na kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Watafiti wanaokwenda kwenye mkutano wa kisayansi husamehewa ada, lakini tafsiri ya "mtafiti" katika sheria yao ni mtu mwenye sifa ya kuingia shahada ya uzamivu, kwa hiyo wa shahada ya kwanza asihesabu msamaha huo mfukoni. Aulize, na awe na fedha tayari.

Si kila nchi ina ubalozi unaotoa viza Dar. Nyingine huwakilishwa na jirani, nyingine hupokea kupitia kituo cha wakala. Ulizia nchi ya kongamano, si nchi ambayo ndege inapita.

Afisa anajiuliza jambo moja: huyu atarudi? Jalada lako limjibu kwa karatasi. Barua ya chuo itaje mwaka wa masomo, tarehe ya kufungua muhula unaofuata na ruhusa ya kutokuwepo. Barua ya mwaliko itaje kichwa cha utafiti wako na siku utakayowasilisha. Barua ya mfadhili iseme analipia nini na nini. Kama baba mdogo ndiye anayelipia sehemu, weka barua yake, taarifa ya benki ya miezi kadhaa na uthibitisho wa undugu wenu. Fedha nyingi iliyoingia kwenye akaunti yako jana yake inaleta maswali kuliko akaunti ndogo yenye maelezo. Wakikuruhusu kuweka oda ya tiketi badala ya tiketi iliyolipiwa, weka oda.

Ukinyimwa, unapewa karatasi yenye sababu iliyotiwa alama. Isome na msimamizi kabla ya kuomba tena. Jalada lilelile likirudi, jibu nalo litarudi lilelile. Waandaaji waombe uwasilishe kwa mtandao. Si sawa na kwenda, lakini ikisiri yako inabaki kitabuni.

7. Bango

Vipimo vya kawaida ni A0, yaani milimita 841 kwa 1189. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuchapa la mlalo wakati mbao zao ni za wima. Maelekezo yako kwenye barua ya kukubaliwa, mara nyingi ukurasa wa pili ambao watu hawafiki.

Maduka mengi ya kuchapa, Kariakoo na Sinza, yamezoea mabango ya harusi na kampeni kwenye plastiki ile nene ya barabarani. Ni ya bei nafuu, lakini ina uzito, inang'aa chini ya taa na herufi ndogo hutoka zenye ukungu. Omba karatasi ya picha isiyong'aa, au kitambaa kama wanacho, kwa sababu kitambaa kinakunjwa kwenye begi na hakihitaji mrija wa kugombania na wahudumu wa ndege. Peleka PDF yenye fonti ndani yake. Ukipeleka faili la PowerPoint, kompyuta ya dukani itabadilisha fonti na alama za kigiriki zitageuka visanduku. Kabla ya kulipa, mwambie achape kipande cha ukubwa wa A4 kwa kipimo halisi, kile chenye picha ya jeli. Kibandike ukutani, rudi nyuma mita moja na nusu. Usipousoma mstari mdogo, na wao hawatausoma.

Maandishi ya kawaida yasipungue pointi 24, kichwa kiwe 80 au zaidi. Maneno 600 ni mengi tayari. Picha ya jeli iwe na alama ya ngazi ya ukubwa na kontroli zake. Jeli iliyokatwa bila kontroli hujenga shaka hata kama matokeo ni ya kweli. Usitumie nyekundu na kijani kutofautisha makundi, kwa kuwa kuna wasioziona tofauti hizo.

8. Siku zenyewe

Kadi ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na ikishatambulika ni ya maisha. Ichanjwe mapema hata kama nchi unayokwenda haiidai, kwani utakapobadilisha ndege wanaweza kuidai. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii Ulaya bara wala Marekani. Nunua adapta Kariakoo, kule ni ghali. Safari za nje huondoka jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere. Kutoka Mlimani jioni, barabara ya Mandela hadi Tazara inaweza kula saa nzima na zaidi, hiyo ni mbali na saa tatu za kuwepo uwanjani.

Kwenye bango, andaa maelezo ya sekunde 90: swali, namba moja, maana yake. Mtu akibaki, ndipo umpeleke kwenye jeli. Usipojua jibu, andika swali na barua pepe yake mbele yake, umjibu ndani ya wiki.

Kila siku piga picha ya risiti. Vipande vya kupandia ndege usivitupe, vya kwenda na vya kurudi, kwani wafadhili wengi huvidai kabla ya kurudisha senti. Ukifika Dar, nakala ya bango na ikisiri iliyochapwa iende kwa msimamizi na kwenye jalada la maadili la mradi, pamoja na namba ya kibali.